Viatu

Usiku wa Mardi, tulipokuwa wasichana hapa Võru,
tuligeuza makoti, manyoya yakawa nje,
tukajipaka masizi, tukavaa nyuso za magome ya mti,
tukagonga milango ya watu tukinguruma kama dubu.
Wenye nyumba wakatukazia macho: nani huyu? Nani yule?
Mimi nilitambuliwa nyumba ya tatu.
Si kwa uso.
Mtaa mzima ulikijua kiraka cha buti langu la kushoto.

Miaka sitini baadaye, Februari,
ziwa Tamula limeganda hadi kisigino,
nami niko jikoni na kompyuta ya marehemu Vello,
mume aliyechukia kila kitu chenye bei.
Aliipakia mfumo wa pengwini.
"Helmi," alisema, "huu hauna bwana."
Hakusema kwamba kila nibishapo hodi kwenye tovuti
kivinjari hunitangulia mlangoni kama mpiga mbiu asiyelipwa:
huyu ni wa pengwini, toleo lake hili,
kioo chake upana huu, saa yake ya Tallinn!

Nilikuwa natafuta neno moja tu,
neno ambalo daktari aliliandika
kisha akakunja karatasi kabla ya kunipa.
Sikutaka binti yangu ajue. Wala jirani. Wala duka la dawa.
Lakini tangu usiku ule, kila ukurasa nifunguao,
hata wa mapishi ya kabichi,
kuna mtu ananitembezea wigi.
Wigi!
Na nywele zangu zote zingali kichwani.

Mjukuu wangu Taavet akaja na theluji mabegani.
"Bibi, mji huu una watu wangapi wa pengwini?
Wewe, na labda yule fundi saa wa mtaa wa Jüri.
Mkiwa wawili, nani atahitaji jina lako?"
Akaandika mstari mmoja mrefu, akabonyeza.
"Tangu leo wewe ni wa madirisha,
kama posta, kama manispaa, kama mama.
Jifiche walipo wengi."
Nikacheka mpaka chai ikamwagika.
Nyuma ya madirisha!
Nani amewahi kujificha dirishani?

Siku mbili nilipita nimejifunika, hakuna aliyenisalimu.
Ya tatu nikafungua ukurasa wa hospitali,
nichukue programu ya kusomea picha za kifua changu.
Wakanipa kifurushi cha watu wa madirisha,
kwani si mimi niliyesema ni mwenzao?
Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.
Kumpigia mbuzi gitaa.
Kompyuta ya Vello haikupepesa hata jicho.

"Halafu kuna herufi," akasema Taavet, sasa kwa sauti ndogo.
"Umesema wewe ni wa madirisha,
lakini fonti ulizo nazo ni za kwenu.
Wakikuomba uchore *a*, utaichora kwa lafudhi ya pengwini.
Na mtu wa madirisha mwenye lafudhi hiyo,
Bibi, huyo ni mmoja tu duniani."

Njia ya mwongo ni fupi.
"Viatu," nikasema.
"Nini?"
"Viatu, mwanangu. Nilivisahau viatu."

Akakaa hadi usiku akinibadilishia herufi,
akanifundisha kuvaa uso na kuuvua:
vaa ukilitafuta lile neno, vua ukienda hospitali.
Sijui kama inatosha. Naye hajui, ingawa hakukiri.
Nilimfungia mkate wa shayiri, akaenda zake.

Nyumba ile ya tatu, waliponitambua,
walinivua gome usoni, wakanipa tufaha,
wakanisogeza karibu na jiko, nikaota moto.
Hawa wa leo wakikutambua
wanakupimia kichwa.

Simu inalia. Ni Kaidi, binti yangu.
Nakohoa kwanza, natengeneza sauti,
sauti ya kila siku, ya mama wa watu wote.
"Halo," nasema. Hilo tu.

Kimya kidogo upande wa pili.

"Mama," anasema, "kuna nini?"