Saa Tisa na Dakika Kumi na Saba

Kila usiku, saa ile ile,
programu inayopasha joto nyumba za vioo
hufa bila kuaga.
Nje, Hveragerði yafukiza mvuke kutoka ardhini
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Ndani, nyanya elfu sita zangoja valvu ifunguke,
valvu yangoja amri,
na mtoa amri ni maiti.

Nimevaa sweta mbili. Chai imepoa.
Eyvindur, aliyeuandika msimbo huu,
alihamia kaskazini kufuga kondoo;
simu yake huzimwa saa mbili.
Aliniachia faili, na ndani yake onyo moja tu:
*Usiguse hapa.*

Msimbo wenyewe ulishasagwa, ni unga wa mashine.
Nani atashika unga kiganjani
aseme punje hii ilitoka shamba lipi?

Nakifungua kitatuzi. Dirisha jeusi,
kishale kinapepesa,
hakina picha wala kitufe, hakisemi mpaka kiulizwe.
Nachapa herufi mbili.
Kinanishushia ngazi ya walioitana:
huyu aliitwa na huyu, aliyeitwa na yule,
tabaka chini ya tabaka,
hadi pale jina lilipofutika
zikabaki alama mbili za kuuliza.

Kitendawili!
Tega.
*Nilikwenda kwenye anwani niliyopewa,
nikapiga hodi, nikaanguka mlangoni.*

Ngazi yote naimwagia akili mnemba.
Yajibu kabla sijameza funda:
kielekezi ni tupu, ongeza sharti,
kikiwa tupu, rudi ulikotoka.
Kiraka kimepigwa pasi, kimekunjwa,
sauti ya daktari ambaye hajamgusa mgonjwa.
Natazama rejista. Anwani si tupu:
tarakimu kumi na mbili, zimenona.
Naiambia. *Samahani, uko sahihi*, yasema,
kisha yakosea upya, kwa adabu ile ile.

Na hata ingekuwa tupu!
Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Sitaki programu iliyofunzwa kutoanguka.
Nataka kujua nani aliituma huko.

Nipe mji, yasema skrini.
Naipa Hveragerði yote, na mvuke wake.

Saa nane kasoro, akili mnemba yaacha kujibu,
yauliza:
*Je, kuna kitu kilichobomolewa karibuni?*

Vidole vikaganda juu ya kibodi.

Nyumba namba nne.
Tuliivunja Novemba, mimi na Radomił,
vioo tukavibeba kwa blanketi la farasi,
yeye akijikata kidole gumba na kutukana Kipolandi.
Hakuna aliyeiambia orodha.
Kila asubuhi naiwasha programu,
yaijengea namba nne chumba katika kumbukumbu;
usiku mfagiaji apita, akuta hakina pumzi,
akibomoa,
na uzi mwingine bado uko njiani kukitembelea,
anwani mfukoni.

Basi naweka mlinzi juu ya anwani ile:
yeyote akiigusa, simamisha dunia.

Tisa na kumi na saba. Dunia ikasimama.
Nikawaona wote wawili,
mmoja na ufagio, mmoja na kipimajoto,
wamegandishwa katikati ya hatua
kama watoto waliofumwa kabatini.

Dawa ilikuwa mistari miwili.
Akili mnemba ilitaka arobaini,
na maelezo, na pongezi kwangu.
Nikachukua miwili.
Chini ya *Usiguse hapa*
nikaandika: *Nimegusa. Steinvör.*

Usiku uliofuata nilikaa macho tena,
sijui kwa nini, hakuna aliyenituma.
Tisa na kumi na sita.
Kumi na saba.
Kumi na nane.
Hakuna kilichotokea,
nami nikabaki nikiitazama ile hakuna
kama mtu aliyeletewa zawadi isiyo na kifuniko.

Katika nyumba ya pili
valvu ikakohoa, ikafunguka.