Robota la Kumi na Saba

Kikuubo hatusomi magazeti ya Asia.
Tunasoma marobota.

Robota likichelewa siku tano, ni bahari.
Likichelewa kumi, ni Malaba,
dereva kalala chini ya lori lake
na malori mia mbili mbele yake.
Likichelewa mwezi,
kuna mkubwa ameanguka mahali
au amekataa kuanguka.

Nabwire, mwenye duka, hakumaliza darasa la saba,
lakini muulize Dhaka iko wapi:
"Iko elfu kumi na nane kwa shati."
Na Colombo? "Ilikuwa sidiria. Sasa ni deni."
Ukimtajia Guangzhou huinua mabega tu
kama aliyeulizwa habari za mkwewe tajiri.

Wakala wetu wa Dhaka, Shafikul,
aliandika saa nane usiku:
Dada, mjini kuna moto kidogo.
Kidogo. Neno la mfanyabiashara.
Kesho yake: Wanafunzi wako barabarani,
binti yangu hajarudi.
Kesho kutwa tukamjibu,
ikatoka tiki moja ya kijivu.
Ikabaki moja.

Nabwire hakuuliza maana.
Sisi pia tunaijua simu yenye chaji, yenye salio,
isiyo na dunia ndani yake.
Tunaijua asubuhi ya kuhesabu askari
kabla ya kuhesabu wateja,
na redio inayopiga ala tupu
saa ya taarifa ya habari.
Akashusha mlango wa chuma hadi nusu, kwa mazoea,
kana kwamba moshi wa Dhaka
ungepanda kutoka Nakivubo.

Shati likafika elfu ishirini na tano.
Okiror, mchuuzi wa Owino,
alilitupa juu ya kaunta kama samaki aliyeoza:
"Wao wanabadilisha mawaziri,
mimi nabadilisha chakula cha watoto?"
Akaondoka. Akarudi. Akanunua sita.

Siku ya arobaini na moja robota likaja,
la kumi na saba kwenye orodha, limelowa pembe moja.
Nikakata kamba.
Katika mfuko wa shati la kijani
palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne,
herufi zake zimening'inia kwenye mstari
kama nguo zilizoanikwa.

Nikampelekea Kantilal wa vipuri,
aliyeondoka Kampala akiwa kaptura
akarudi na mvi.
Miwani juu. Miwani chini.
"Haya si maandishi yetu," akasema.
"Ila ninyi, sote ni Wahindi."
Akainusa karatasi.
"Mafuta ya cherehani.
Hilo tu naweza kukusomea."

Labda ni orodha ya sokoni.
Labda ni jina la mtu.
Labda ni *tulipwe*.
Nabwire aliibandika ndani ya daftari la madeni,
si upande wa tunaowadai,
upande wa wanaotudai,
na shati lenyewe akaliuza kabla ya saa sita
bila kupunguza hata mia.

Jumapili tiki zikawa mbili, zikawa bluu.
Shafikul hakusimulia lolote.
Nabwire alikuwa ameandika neno moja, *binti?*,
akalifuta, akaliandika tena.
Jibu likaja: bei mpya, mistari kumi na minne,
dola zimepanda, nauli ya meli imepanda,
vifungo vinahesabiwa peke yake.
Na chini kabisa, bila sababu:
Dada, umekula?