Mkaguzi wa Vitambaa

Miaka thelathini na mmoja nilikagua vitambaa
katika kiwanda cha matofali mekundu, hapa Łódź,
mji unaoitwa Mashua na mito yake imezikwa chini ya barabara.
Jora baada ya jora lilipita mbele yangu juu ya meza ya taa,
nami nilisimamisha mashine kwa uzi mmoja uliokatika.
Msimamizi alisema: Leokadia ana macho ya mwewe.

Mwewe kazeeka.
Jicho la kushoto lina ukungu,
la kulia linangoja zamu hospitalini.
Ndiyo maana sikuona.

Kidole ndicho kilichoona.
Nilikuwa nampa Nitka punje ya mtama
(jina lake maana yake Uzi,
kasuku mdogo wa kijani, mzito kama barua),
akaegemeza mdomo kwenye ncha ya kidole changu
nikahisi mkwaruzo pale palipokuwa laini.

Nikatoa lenzi yangu ya kuhesabia nyuzi,
ile ya shaba, niliyoondoka nayo siku kiwanda kilipofungwa.
Sikuiba. Hakubaki mtu wa kumrudishia.
Pembeni mwa mdomo, ukoko wa kijivu,
umetobokatoboka kama sega,
vishimo vidogo kuliko tundu la sindano.
Miguuni magaga,
kama ya mtu aliyetembea peku maisha yake yote,
naye hajawahi kukanyaga ardhi.

Bwana Zenobiusz wa ghorofa ya pili
alileta dawa ya viroboto ya mbwa wake.
“Puliza tu, pu, pu, kwisha.”
Nikamshukuru, nikaificha nyuma ya matango ya siki.

Kwanza nilimshuku mwizi wa usiku.
Kuna utitiri unaolala mchana katika nyufa za kitundu,
taa ikizimwa unatoka, unanywa damu,
unarudi umevimba, mwekundu.
Mtego wake ni kitambaa cheupe.
Basi, vitambaa vyeupe ndiyo mali yangu.
Nilifunika kitundu kwa pamba ya mwisho tuliyoifuma,
alfajiri nikaitandaza chini ya taa
nikaikagua kama zamani, mtande na mshindio,
pindo hadi pindo.
Hakuna hata nukta.
Safi. Daraja la kwanza.
Nikalia,
na sijui ni nani hulilia kitambaa kisicho na kasoro.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako.
Chetu hakikuwa nguoni.

Daktari Jagna Sobolak, kijana, mikono baridi,
alikwangua unga kidogo wa ule ukoko
akauweka chini ya hadubini, akaniita.
Kwa jicho langu bovu nikaona kitu cha mviringo,
kifungo cha shati kinachojaribu kutembea.
“Huyu hatoki usiku wala mchana,” alisema.
“Amepanga humo. Anachimba, anazaa, wajukuu wanachimba.”
Akampima Nitka: gramu thelathini na nne.
Akapuliza manyoya ya kisogo yakaachana,
tone moja la dawa juu ya ngozi tupu.
Jingine baada ya wiki mbili,
maana mayai hayasikii dawa.
Ukoko usibanduliwe; utaanguka wenyewe.
“Na ile ya mbwa?”
“Ungemzika kesho yake.”
Kisha akauliza: “Imeanza lini?”
Nikasema siku kumi.
Nilidanganya. Sikujua.

Vijiti vyake vya zamani nikavichoma,
nikakata vipya kwenye mtufaha wa uani.
Kitundu nikakimwagia maji ya moto, kila kona,
hata kengele.

Wiki ya tano nikakuta vipande vya ukoko
ndani ya kibakuli cha mbegu, vyepesi kama maganda ya mtama.
Siku hiyohiyo hospitali ikapiga simu: zamu yako.

Sasa naona.
Mdomo wa Nitka umebaki umepinda kidogo, kushoto.
Anakula, anapiga kelele, anararua pazia langu.
Kasoro ndogo. Zamani ningesimamisha mashine.
Naiacha ipite.