Safari ya Bure

Famau alikuwa karani wa ardhi miaka thelathini na mmoja.
Mipaka ya Hindi hadi Mpeketoni aliichora kwa mkono wake,
na siku aliyopewa kiinua mgongo
hakutaka hata futi moja ya udongo.
Alinunua boti.

Ya fiba, nyeupe, futi kumi na tisa,
mashine kuukuu ya farasi kumi na tano,
na ubavuni, kwa rangi iliyobaki ya madirisha yetu,
akaandika: MARUPURUPU.

"Tutembee," aliniambia.
Wapi?
"Kaskazini. Kutembea tu."

Tukatoka Lamu maji yakijaa,
maana Mkanda haupitiki ila kwa ruhusa ya maji.
Chupa ya chai katikati ya miguu yangu, mikate ya mofa,
na miwani ya kusomea niliyoivaa kwa makosa,
mikoko ikanijia mikubwa, yenye ukungu,
kama watu wanaoinama kukusalimu usiowakumbuka.

Mtangawanda, askari wa gati: Mna mzigo?
Hatuna.
Abiria?
Huyu mke wangu.
Akaandika daftarini: mgonjwa.

Faza, mwanamke aliyekuwa akianika godoro
akapaza sauti kutoka ukutani: Nani kafa?
Hakuna aliyekufa.
Akatutazama kama tuliomnyima kitu.

Kizingitini vijana wakaja na kamba-mawe guniani,
bei ya hoteli midomoni.
Famau akasema sisi si wanunuzi.
"Basi ni serikali," mmoja akanong'ona,
na gunia likatoweka.

Famau anajua, lakini hajui,
kwamba njia hii nimewahi kuipita.
Mwaka wa mvua kubwa, nina miaka kumi na minane,
natolewa Ndau napelekwa kwake,
kichwa mapajani mwa somo aliyetumwa kutoka Lamu,
leso mbili juu yangu, na ndoo.
Nilitapika kutoka Ndau hadi Mkanda.
Katika safari iliyonifanya mke wa mtu
nilichokiona ni ubao, msumari wenye kutu,
na maji ya manjano yakitikisika ndani ya plastiki ya buluu.
"Ndoo," somo akisema,
na kwa Kiamu chake sikujua
kama ananiita au ananipa.

Watoto wangu waliponiuliza
njiani kwetu kukoje, nilibuni.
Nilisema kuna kisiwa cheupe. Nilisema pomboo.

Sasa naangalia.
Kisiwa cheupe hakipo.
Kuna fungu la mchanga, membe wanne na ndala moja ya kijani.
Kuna mnara wa simu wa Faza unaotufuata kwa nyuma
kama mtoto aliyekataa kurudi nyumbani.
Kuna rangi ya maji, pale kina kinapoanza,
ambayo sina jina lake,
na nimeishi pwani miaka hamsini na kitu.

"Punguza," nikamwambia.
Akapunguza.
"Punguza tena."
"Nikipunguza zaidi tutarudi nyuma."
"Basi turudi kidogo. Pale kwenye kona sikuona vizuri."

Mtu wa vipimo yule,
anayehesabu mafuta kwa kijiti,
akageuza boti bila kuuliza sababu.
Tuliipita kona ile mara tatu.

Ndau, msichana aliyeketi gatini na simu yake
hakuinua kichwa: Mwaja kwa nani?
Mama yangu yuko mchangani. Nyumba ina watu wengine,
wamejenga choo palipokuwa na mkilifi wetu.
Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Famau alikwisha kuruka, maji magotini,
kikoi kimeloa, mkono ameunyoosha.
"Ndoo," akasema.

Nikatazama miguuni. Ilikuwapo,
ya buluu pia, ya kufulia maji.
Nikaichukua, nikampa.
Akaishika, akanitazama,
bado mkono mwingine kaunyoosha.