Kabla ya Tiketi

Kabla ya geti, kabla ya bei kuchorwa ukutani
(mkubwa elfu kumi, mtoto elfu tano, ubao unakodishwa),
kilima hiki nyuma ya Pugu kiliitwa Zizini, basi.

Babu Luhende alishuka na behewa la ng'ombe
kutoka Malampaka, siku nne hajalala,
akiwanywesha wanyama kwanza, yeye akinywa masalia.
Alihesabu kwa mafundo ya kamba.
Karatasi, alisema, haina kwato.

Binti Ngwele, Mzaramo, mwenye shamba la mihogo,
alimkuta amepiga kambi mpakani mwake.
"Mtani, ng'ombe wako wakinilia mhogo
nami nitakula mmoja wao, na wewe utakaribishwa."
Walikula. Alikula. Akamkaribisha.
Mwaka uliofuata akawa bibi yangu.

Hayo huwasimulia wageni, wakacheka.
Mwaka wa ndigana siwasimulii:
sitini na wawili kwa wiki tatu,
mafuta ya taa yakaisha kabla ya mizoga,
na babu anafungua mafundo, moja moja, kwa meno.

Kisha vuli ikamega ubavu wa kilima
na ndani kulikuwa kweupe.
Weupe wa unga wa sembe, weupe wa kushtua.
Kampuni ikaja kuchimba udongo wa vikombe,
ikachimba, ikadaiwa, ikaondoka usiku,
ikatuachia mteremko.

Sisi wachungaji wadogo tulipasua madumu ya mafuta ya kula,
tukakalia nusu, tukajiachia.
Ng'ombe walikuwa wakituangalia huku wanacheua.
Mama hakuhitaji kuuliza nani ameacha ndama:
alitugeuza, akasoma makalio.

Mhandisi Shekilindi, aliyesomea nchi ya theluji,
alisimama pale na viatu vyake vinavyong'aa,
akatutazama tukiporomoka, tukipiga kelele,
akasema taratibu, kama anayeota:
"Kule watu wanalipia hiki."

Baba aliuza kiangazi kile.
Ada ya shule ilikuwa imeshakula madume wawili.

Leo mimi ndiye nakata tiketi.
Jumamosi wanapanda kutoka Masaki, kutoka Mbezi,
wamevaa miwani mikubwa kama nzi,
wanateleza juu ya mbao zilizopakwa nta.
Ukumbini kuna pembe ukutani. Si za kwetu.
Zilinunuliwa Kariakoo, pamoja na misumari.
Na josho, walikotumbukia ng'ombe wakitoa macho,
limepigwa vigae vya bluu; wageni wanaogelea humo.
Siku ya joto kali nikiinama
napata harufu ya dawa ya kupe.
Au ni pua yangu tu, haijauzwa.

Baba ni mlinzi wa geti.
Wamempa daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Anaandika, ndiyo, mwandiko mzuri,
ila mfukoni mwa koti vidole vinafanya kazi nyingine.

Jana saa moja usiku nilifunga hesabu.
Daftari: wote wametoka.
Baba akatoa kamba, akaipitisha kwenye kidole gumba.
"Bado mmoja."
Nikamwonyesha safu, jumla, sahihi yake mwenyewe.
Hakubishana. Akapiga mluzi,
ule mrefu wa kuita ng'ombe, unaokatika mwishoni.

Tukasubiri. Jenereta likakohoa.
Halafu kutoka upande wa uzio uliotoboka
akatokea mtoto wa miaka saba hivi, hana tiketi,
amekumbatia nusu ya dumu,
anatembea kinyumenyume
ili tusimwone nyuma.