Dereva wa Pauni Tatu

Pauni arobaini ndani ya bati la biskuti,
sarafu nyingi kuliko noti,
na juu yake kikaratasi, mwandiko wangu mwenyewe:
SI ZA GESI. SI ZA MENO. ZA GOFU.

Mimi ni Senga Petrie, mwosha mabasi
wa gereji ya Kirkcaldy, zamu ya alfajiri,
miaka hamsini na mitatu, bega la kulia lina baridi yabisi.
Kwetu uwanja wa gofu ni kama kanisa:
kila mtu anajua ulipo.

Nilianzia duka la vioo.
Kijana mmoja akanionyesha seti
inayong'aa kama meno ya mtangazaji.
"Hii ni ya kuanzia tu, mama. Mia nne na tisini."
Nikaigusa, nikairudisha,
na alama ya kidole nikaifuta kwa mkono wa sweta.
Mazoea ya kazi.

Kaka yangu Dougal alinionya: rahisi huvunja upishi.
Yeye aliwahi kununua pikipiki isiyo na breki,
kwa hiyo anajua.

Basi nikaingia maduka ya mitumba ya hisani,
lile la paka waliotupwa,
lile la chini ya daraja la reli
ambamo makoti ya marehemu wote hunuka sabuni moja.
Nikajifunza upesi kuliko nilivyowahi shuleni:
huhitaji fimbo kumi na nne,
tano zinatosha kukosea kwa kila namna.
Bonyeza mshikio; ukiwa mkavu kama kwato, omba upunguziwe.
Inua mpini hadi jichoni, kama seremala na ubao.
Tikisa. Kikigonga kitu ndani, rudisha.

Chuma nambari saba, pauni mbili, katikati ya miavuli.
Nambari tano ina kutu; siki na usiku mzima vikaitoa.
Nambari tisa nilipofika nayo nyumbani
ikawa ya mkono wa kushoto.
Bi Mutch wa dukani alicheka hadi akavua miwani,
akanipa nyingine, na mfuko juu yake, zipu mbovu,
ndani peremende iliyogandana na kadi ya mtu
aliyemaliza mashimo kumi na manane kwa mapigo mia na thelathini na moja.
Nikamwombea dua, popote alipo.

Na dereva.
Ndivyo wanavyoiita ile fimbo kubwa ya kuanzia.
Gerejini nina madereva kumi na sita
na hakuna hata mmoja anayefuta matope viatuni.
Huyu wangu, pauni tatu, kichwa kimechubuka,
nilimwambia tangu mlangoni: wewe utanisikiliza.

Hakunisikiliza.
Jumamosi, uwanja wa manispaa, upepo umetoka baharini na visu,
mpira wa kwanza ukaenda vichakani, wa pili ukaufuata
kumtafuta ndugu yake.

Ila kwenye nyasi fupi za shimo la tatu
mzee aliyekuwa nyuma yangu akasimamisha mkokoteni wake.
Alikuwa akitazama fimbo yangu ya kusukumia,
ya pauni moja na nusu, shingo imepinda kidogo,
herufi R.K. zimekwaruzwa kwa msumari.
"Hiyo niliitupa kijitoni," akasema Ranald Kinnear.
"Mara mbili. Ya pili sikwenda kuitafuta."
Kisha, baada ya kupenga kamasi: "Nakupa kumi."

Pauni kumi! Faida ya nane na nusu, nimesimama tu.
Nikaliona bati, nikaiona gesi, nikayaona meno.
Bura yangu sibadili na rehani, nikamjibu,
kwa maneno ya kwetu, makavu zaidi.

"Shauri yako. Ina kasoro. Huvuta kushoto."
"Basi nitalenga kulia."

Nikalenga kulia, upana wa kiganja.
Mpira ukaenda kulia, upana wa kiganja,
umenyooka kama ulivyotumwa.

Nikageuka kumtazama Ranald.
Alikuwa akiitazama bahari
kwa makini sana.