Kibogoyo

Kijiko cha trekta yetu kilikuwa kibogoyo.
Miaka kumi na tisa kimelamba ardhi,
kimelamba tu, kama mtoto na sahani,
na ardhi ya bonde la Saint John
haijali kulambwa.

Hapa mawe huota. Sisemi kwa mafumbo:
baridi huyasukuma toka chini usiku kucha,
theluji ikiyeyuka unayakuta katikati ya mbatata
yamekaa kitako, wageni wasiobisha hodi.
Armand aliyang'oa kwa mtaimbo.
Kijiko kinatosha, Odile, alisema, kinatosha,
mpaka mgongo ukamwambia hapana,
na baadaye moyo.

Mwezi wa tano nikashuka kwa Lionel Gagnon, mfua vyuma.
Nataka meno, nikamwambia.
Akaniangalia kinywa.
Ya trekta, mjinga wewe!
Akacheka hadi akashika meza.

Akanilazia sakafuni fizi mbili za chuma.
Mmoja mwepesi, meno yamechomelewa humo humo,
likivunjika moja unalia nalo.
Wa pili mzito, kila jino na pini yake:
likilika unalichomoa, unapachika jingine.
"Ule ni wa mchanga na samadi," alisema.
"Huu ni wa watu wenye mawe."
Mimi ninayo ya kugawia parokia nzima, nikamjibu.
"Haya. Upana?"

Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimenakili ukutani mwa banda,
juu ya mtungi wa grisi, mwandiko wa Armand,
kalamu ya risasi: inchi sitini.
Kumbe naye aliyataka!
Alipima, akaandika, akanyamaza.
"Alipima nje," Lionel akauliza, "au ndani?"

Sikujua.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na sikujua.

Nikarudi nyumbani, nikapiga magoti ndani ya kijiko,
futi ikanyooka toka shavu hadi shavu:
hamsini na tisa na robo.
Alipima nje, basi. Robo tatu ya inchi
ndiyo unene wa kuta mbili
ambazo mtu anaweza kuzisahau
akisimama mbali na kitu.

Jumamosi Mireille, binti wa dada yangu, akaja na keekee.
Tuliulaza ufizi mahali pake, tukaubana kwa jiriwa,
tukatia alama, tukagonga nukta kwa nyundo
ili ncha isiteleze.
Tundu dogo kwanza, kisha kubwa,
mafuta tone kwa tone,
na chuma kikatoka kimejikunja kama maganda ya tufaha.
Upande wa kushoto matundu yalikutana.
Wa kulia yalipishana kwa unywele.
Nikasaga kwa tupa saa nzima,
nikitukana kwa Kifaransa cha marehemu mama,
ambacho Mireille hujifanya hakielewi.
Bolti ikaingia. Washa, nati, spana,
kaza, pumua, kaza tena.
Bolti mbili tu, moja kila shavu!
Kazi yote ile kwa bolti mbili.

Jiwe la kwanza lilikuwa lile la kando ya kisima,
ambalo Armand alilizunguka kwa plau kila mwaka
akilivulia kofia.
Nikashusha kijiko. Hakikulamba.
Kiliuma, kikatulia kidogo, kikasikiliza,
na jiwe likaguna, likainuka
na udongo wake mweusi ukining'inia kama nepi.
Nilipiga kelele. Sina aibu.

Majira ya baridi nitaufungua,
maana theluji haitaki meno, inataka ulimi,
na kokoto za njiani nazihitaji.

Ila siku ile sikuwaza baridi.
Nilirudi uani kwa mbwembwe nionekane na jirani,
nikasahau kuinua kijiko,
nikachora majani ya mbele ya nyumba
mistari saba, mirefu, iliyonyooka vizuri sana.
Lionel angesema: nilikuonya.

Sijaisawazisha.
Mireille ameipanda vitunguu.